Dundu wa Bustani ya Beni

Tangu utoto nilikuwa napenda dundu, bale badudu beusi benye kuvingirisha mavi ya ngombe. Batu ba Lubero balinicheka: mwanamuke muzima, anachutama njiani kuangalia mavi. Nilibajibu, muchunge mambo yenu. Nilikuwa najua kutambua aina zao, dume na jike. Bakitaka kuzaa, dume anasukuma donge na miguu ya nyuma, jike anapanda juu yake. Halafu banajizika nalo pamoja, jike anataga yai ndani.

Wakati wa vita, yaya wangu, mutoto wa kwanza wa mama, alishuka Beni kuuzisha maharagi. Hakurudia. Mama alikataa matanga: bila mwili, unalilia nini? Na yaya hakuoaka bibi. Mama aliamini kijana akikufa pekee hatulii chini, atarudia kutafuta bibi. Donc tulienda kumutafuta.

Tuliuliza sokoni, tuliuliza Mulekera mpaka Mavivi. Batu baliangalia chini tu. Muchana tulipumuzika ndani ya bustani, mbele ya bureau moja ya serikali kwenye basoda balikuwa banalala na bunduki zao. Maua hapana, majani tu, na kimya kibaya. Pale njo niliona dundu, babili babili, banatoka ndani ya ufa wa udongo laini. Nilifurahi, mais furaha ilinikauka. Ngombe hapana pale. Mbuzi, basoda balishakula zote. Na aina ile ya miguu mirefu naijua: ikikosa mavi, inavingirisha nyama iliyooza.

Dume moja alipita karibu na kiatu cha mama, jike juu ya donge. Kwenye donge kulitokea uzi wa rangi ya majani. Mama njo alifumia yaya triko, sweta ya rangi ile, sababu ya baridi ya Lubero. Aliutambua uzi kabla yangu. Hakulia. Niliogopa kumuangalia uso.

"Munatafuta nini pale?" musoda mumoja akaita.

"Dawa ya tumbo, mwanangu," mama akajibu. Musoda akacheka, akageuka.

Mama akatandika kitambaa chake chini. "Dume umuache," akaninong'oneza. "Beba donge na jike."

Nikamuambia jike ataruka. Hakuruka. Njia yote, ndani ya lori, mpaka tukapita Butembo, jike alikumbatia donge lile. Tulichimba kaburi nyuma ya nyumba, batu bakakuja kulia. Kabla hatujamwanga udongo, jike alianza kuchimba mwenyewe, anavuta donge kuelekea chini.

Mama aliangalia mpaka bakapotea bote. Akapumua.

"Sasa yaya wako iko na bibi," akasema.