Hewa ya Njia ya Bukura

“Na hewa itaingilia wapi?”

Aliyeuliza alikuwa senge, yaani shangazi yangu, dada yake baba, kwa simu, huku kuku wake wakigombana nyuma yake. Nilikuwa nimemaliza kumweleza kwamba bia yangu si kama busaa yake, ile pombe nzito ya unga. Maji ya kimera huchujwa, huchemshwa pamoja na maua makavu machungu niliyoletewa kutoka Nairobi, na kule kuchemsha hufukuza hewa yote. Na hamira, nikaongeza kwa sauti ya mhadhiri, huhitaji hewa mwanzoni ili izaane.

Ndipo akauliza. Nikasingizia mtandao mbaya, nikakata simu.

Kaka yangu alikuwa anasafiri kwenda kufanya kazi ng’ambo, na sherehe ya kumuaga ingefanyika kwa senge, Bukura. Nilimkataza kaka asinunue kreti hata moja ya bia.

“Kreti ni mimi,” nilimwambia.

“Ukiniaibisha mbele ya wenzangu,” akasema, “nitakuwa nakutumia picha ya bia baridi kila Ijumaa mpaka uzeeke.”

Kwa hiyo ilikuwa lazima bia ipatikane. Tatizo ni kwamba nilikuwa na pakiti moja tu ya hamira ya bia, na tarehe yake ilikuwa imepita. Rafiki niliyesoma naye aliiokota chini ya droo yake, akanipa kama mtu anayekupa paka mgonjwa. Sikuamini tarehe ile. Nani aliyekaa na hamira akahesabu siku zake za kufa? Lakini sikuamini pia kwamba ilikuwa hai.

Njia ya kujua ni kuipa kazi ndogo kwanza. Nilichukua chupa ya soda iliyooshwa kwa maji moto, nikatia maji ya kimera yaliyochemshwa na kupoa, nikamimina hamira, nikaziba mdomo kwa pamba. Chupa ikakaa kwenye kistuli karibu na mlango wa chumba changu cha kupanga kule Shirere, na sheria ikawa moja: anayepita aitikise. Jirani yangu, mwanafunzi asiyewahi kupita mahali bila kucheza, aliitikisa kwa kiuno kizima.

“Mtoto ameamka?” angeuliza akitoka darasani.

“Bado.”

“Mpige mgongoni kidogo.”

Siku ya kwanza, kimya. Nikaanza kuheshimu tarehe za pakiti. Siku iliyofuata kulikuwa na utando mweupe chini ya chupa, na jirani alipoitikisa, povu likapanda mpaka likalowesha pamba. Alipiga kelele: “Ako hai!” Nikapika mtungi mzima siku hiyo hiyo.

Kelele zile, pamoja na harufu ya kimera, zilimleta mwenye nyumba, mama wa maombi.

“Nyumba yangu si kilabu,” alisema.

“Mama, kwa sasa haya ni maji matamu tu. Hayana pombe hata kidogo.”

“Na kesho?”

Mtungi ukatakiwa uondoke kabla ya jioni, na mahali pekee pa kuupeleka ni kwa senge. Nikawaza njia ya mkato ya kwenda kwake, ya murram, udongo na kokoto bila lami, yenye mashimo ya kung’oa meno, nikaona swali la senge limejibiwa. Mtungi haukujaa, ukitikiswa, hewa ya juu itachanganyika na maji. Nikamwita mtu wa boda.

“Pitia murram, si lami. Na usikwepe mashimo.”

“Madam, nipite *ndani* ya mashimo?”

“Ndani kabisa.”

“Ni maziwa? Unataka siagi?”

“Ni bia.”

“Lakini bia haitikiswi, madam.”

“Hii bado haijawa bia. Ikishakuwa, ndipo mtu asiitikise.”

Aliniangalia jinsi mtu anavyomwangalia mteja aliyekwisha kulipa, akaondoka.

Nilifuata baadaye na chupa yangu ya hamira ndani ya jaketi. Nilimkuta senge uani na ndoo mbili. Moja ameinyanyua hadi begani, anaimwaga kwenye nyingine iliyo chini, povu linaruka. Akimaliza, anabadilisha ndoo, anaanza tena.

“Senge! Unafanya nini?”

“Mtungi wako unanuka sabuni. Natoa harufu. Hata uji mimi hufanyanga hivi.”

“Vijidudu vitaingia!”

“Ndoo nimesuuza na maji moto. Wewe chachawa tu.”

Nilimnyang’anya ndoo, nikarudisha maji mtungini, nikamimina chupa yangu, nikafunga kifuniko chenye mpira mwembamba unaoishia kwenye gilasi ya maji. Asubuhi gilasi ilikuwa inabubujika. Senge aliivutia kigoda, akasikiliza kama redio. “Inaongea,” alisema.

Siku ya sherehe kaka alionja, akanyoosha gilasi tena. Wenzake wakamaliza mtungi kabla ya nyama kuiva. Senge alitoa hukumu yake: “Si mbaya. Lakini haina chakula ndani.”

Tangu hapo nimekuwa nikihubiri ile njia ya murram. Kila nikipika, mtungi huenda Bukura kwa boda yule yule, kwa maagizo yale yale. Mimi ninayewadai wahubiri na wanasiasa ushahidi, sikuidai njia ile hata kidogo. Nilinunua mtungi mpya usionuka sabuni, lakini senge aliendelea na ndoo zake. “Nimezoea,” alisema, nikamwacha kwa ajili ya amani.

Mwaka huu kaka alikuja likizo, nikapika tena. Nilimkuta mtu wa boda kwenye steji yao ya kungojea abiria akipangusa pikipiki mpya, nikamshukuru kwa mashimo yote aliyonipitia.

Alicheka mpaka akashika tangi. “Madam, murram? Hata siku moja sijapitisha mtungi wako huko. Mimi huzungukanga na lami, polepole, kama nimebeba mama mjamzito. Ningemwaga bia ya watu?”

Hewa yote, tangu mtungi wa kwanza, iliingilia kwenye ndoo za senge.