Benchi la Vijana

Binti anayewakilisha vijana katika kamati ya zahanati ya Gesima ana vidole vilivyoingia weusi wa kuchuma chai, na sauti ya chini inayowafanya wazee wainame kumsikia. Hukaa karibu na mlango, viatu vikiwa na matope.

"Vijana hawaji kliniki kwa ukaidi," mwenyekiti, Mzee Ogeto, alisema. "Dawa yao ni semina."

Binti alimwomba tu akakae kidogo nje, kwenye benchi la vijana wanaosubiri kliniki, linalotazamana na foleni ya kupima majani chai. Mzee akaenda, akaketi.

"Mzee Ogeto, umeshikwa na nini?" foleni ikauliza. "Na mama watoto anajua?"

Alirudi mbio.

"Benchi lihamie nyuma ya zahanati," akasema, kwa sauti ya chini hata kamati ikainama.

Binti akauliza nani atamshikia upande wa pili walibebe.