Chaneli ya Mieleka na Ukuta wa Sebule

Kwao mke wangu, Usukumani, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai sebule moja. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na neno likibidi kusemwa hupitia kwa mtu mwingine. Mtu akikosekana, huambiwa ukuta. Kwa hiyo mama mkwe alipokuja kwetu Kalangalala, mjini Geita, kutoka kijijini Shinyanga, kutolewa mtoto wa jicho, nilibeba kiti changu nikahamia uani bila kuambiwa. Sebule ikawa yake.

Kilichoniuma kidogo ni televisheni. Nyuma yake nimefunga kompyuta ndogo inayopokea chaneli kutoka kwenye dishi, na kuzipanga chaneli hizo ndiyo starehe yangu. Wenzangu wana baa, mimi nina chaneli. Dishi huleta kila kitu kwa fujo: chaneli moja inatokea mara mbili, nyingine giza tupu, nyingine watu wanauza masufuria kwa lugha nisiyoijua. Mimi huzichambua, nikazipa majina na namba: taarifa ya habari mwanzo, mpira baada yake, mahubiri mbele kidogo. Mtu akinivurugia mpangilio huo, nanuna mpaka chakula kinapoa.

Bahati nzuri programu ninayozipangia chaneli hizo inaendeshwa hata kwa simu. Jicho la kwanza lilipofunguliwa bandeji baada ya upasuaji, mama alikaa mbele ya televisheni akisema "Eeh! Eeh!" kwa kila rangi iliyopita. Mimi uani, simu mkononi, nikawa mtumishi wake. Akisema kwa sauti, "Huyu mhubiri naye hachoki," nabadilisha. Akisema "Wabeja," yaani asante, najua nimepatia. Nilifurahi, sisemi uongo.

Kisha nikaingiwa na heshima kupita kiasi. Je, akibonyeza rimoti mwenyewe akaangukia picha za aibu, tena ndani ya nyumba ya mkwe wake, nitauweka wapi uso wangu? Programu ina sehemu ya kuficha chaneli bila kuzifuta. Nikaficha za muziki wa kukata viuno, nikaficha za tamthilia za kubusiana, wala sikuisahau ile ya mieleka, yenye mijibaba inayokumbatiana imevaa chupi tu. Nikajisifu kimoyomoyo kwamba mkwe kama mimi hapatikani Geita nzima.

Kesho yake mama akapoa. Akawa anaitazama televisheni kwa adabu tu, halafu akaanza kukunja nguo zake. Jicho la pili lilikuwa bado, na daktari alishatuambia tumrudishe hospitali, lakini yeye akasema karanga zake zinaharibika shambani, lazima aende.

"Umemfanya nini mama yangu?" mke wangu aliniuliza, mwiko mkononi.

"Mimi? Hata uso wake sijauona!"

Akaenda kumuuliza mwenyewe, akarudi na jibu moja: "Kwa mkwe hapadaiwi kitu." Hapo niliogopa kweli. Mama arudi kijijini na jicho moja, ajikwae njiani kwenda kisimani! Mke wangu asingenisamehe, na mimi nisingejisamehe.

Jioni mke wangu alipotoka kwenda dukani, nilisikia kikohozi sebuleni, kile cha mtu asiyeumwa kifua.

"Wewe ukuta," mama alisema taratibu, "mimi sikulaumu. Ila kuna mtu mmoja mnene, mwenye chupi nyekundu. Mara ya mwisho nilimwacha amekabwa shingo, na tangu hapo simwoni. Kama amekufa, niambie tu."

Niliziba mdomo nisicheke, na machozi yakanitoka vilevile. Nikafungua simu, nikaifichua ile chaneli, nikaipandisha namba moja, juu ya taarifa ya habari yenyewe, nikaiandika jina "Mayu", mama kwa Kisukuma. Punde yule mnene akatokea, mzima wa afya, anampiga mwenzake kwa kiti.

"Kaba!" nikasikia kutoka sebuleni. "Kaba huyo!"

Mke wangu aliporudi alikuta nguo zimerudi kwenye msumari. Hospitali mama alikubali kwenda, kwa sharti moja lililopitia kwa binti yake: pambano litakaloonyeshwa akiwa huko lirekodiwe. Nililirekodi, nikahifadhi na nakala, maana siku hizo hofu yangu kubwa ilikuwa umeme kukatika.

Sasa ana macho mawili. Karanga zilishavunwa na ndugu zake, lakini safari haisemwi tena, na mimi siulizi. Mieleka ikianza, yeye yuko sebuleni na mimi uani, pambano lile lile kwenye simu. Yeye ni wa yule mnene. Mimi nina mwembamba wangu mmoja, mbishi sana. Tatizo ni kwamba picha ya simu huchelewa kidogo nyuma ya ile ya televisheni, kwa hiyo mimi hushangilia mambo ambayo mwenzangu ameshayamaliza.

Juzi mwembamba wangu alikuwa amempanda mnene kifuani. Nikasimama, nikainua mikono, nikapiga kelele mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.  Sebuleni kikasikika kikohozi.

"Ukuta," mama alisema kwa upole, "mwambie mwanangu akae chini. Wa kwake ameshaanguka."

Nikakaa. Hakuwahi kuniita mwanangu kabla ya hapo, na yule mwembamba sikuona hata alivyoanguka.