Likizo ya Kumwona Mama

Mara tatu niliomba ruhusa ya siku mbili tu nikamwone mama yangu kule Misima, Handeni, na mara tatu matroni akanijibu, "Nani atabaki?" Mama kifua kilikuwa kinambana tangu yeye na majirani zake walipohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, nyumba haijaezekwa vizuri na mvua zimeanza. Matroni hakuwa mtu mbaya, jamani. Wenzangu wawili walikuwa wamepelekwa kufungua zahanati za vijijini, nami nikabaki hospitali ya Korogwe na chumba cha sindano asubuhi, wodi ya watoto wenye surua mchana.

Kazi yenyewe ni hivi: unachemsha mabomba ya kioo kwenye jiko la mafuta ya taa, unanoa sindano butu kwenye jiwe, unachoma watu, unarudi kuchemsha. Ukidhani foleni imekwisha, basi la Handeni linashusha wengine. Miguu ilinivimba hadi nikawa navaa viatu vya mume wangu. Nilikuwa mkali, sikatai. Nyumbani mwanangu akilia natamani kuziba masikio. Nilichoka hasa, nikaacha kutazama nyuso za watu. Nilitazama mikono, na kwenye kadi nilisoma dawa tu, jina nikaliruka.

Wazee walikuwa wanatuamkia sisi, watoto wa kuwazaa, ili tusiwafokee. Mwanzoni niliona haya, nikiwahi kuwaamkia mimi. Baadaye nikazoea.

Asubuhi moja nilikuwa nimetoka kumgombeza mzee mmoja aliyesahau kadi. Nyuma yake sauti ya kike, imekauka kwa kikohozi, ikasema, "Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Weka kadi, kakae kwenye benchi."

Zamu yake ilifika saa tano. Nikaushika mkono, nikapaka spiriti, mkono ukajivuta nyuma.

"Tulia wewe!"

Nikainua macho. Mama yangu mzazi.

Lo! Nilipiga magoti pale pale sakafuni, bomba mkononi, nikalia. "Shikamoo mama. Mama, mbona hukusema kuwa ni wewe?"

Alitazama mlangoni, watu wamejazana, kisha akanitazama mimi.

"Nilikuogopa, mwanangu."

Huko nje mtu akagonga mlango, foleni haisogei. Nikasimama, nikamchoma mama sindano yake, nikaita anayefuata.