Mutanu na Picha ya Moyo wa Nyamai

Pale kijiji cha Tulia kila mtu anamjua Mutanu kwa vyondo, vile vikapu vya uzi. Anasuka akitembea, anasuka akingoja maji, hata kanisani anasuka, mpaka pasta akazoea. Na mdomo nayo haipumziki. Mahali ako, kuna story na kicheko.

Lakini ile asubuhi ya kwenda hospitali Kitui uzi ilikuwa imelala tu kwa mkono. Katoto kake Nyamai, ka miezi mbili, kalikuwa kameenda chanjo, nesi akasikia moyo inatoa sauti ingine. Akasema apelekwe apigwe picha, waone kama mlango moja ya moyo haifunguki vizuri.

Sasa jirani, Nthiwa, ambaye hakuna kitu hajui, alishamweleza vile hiyo picha inapigwanga: wanapasua kifua, wanachungulia, wanashona. Na mtu wa kupasuliwa haruhusiwi kula kitu. Basi Mutanu alikuwa amemnyima mtoto titi tangu waamke, roho ikimuuma njia yote.

Kwa chumba cha picha, daktari kijana anaitwa Gedion akapaka Nyamai gel kifuani, akaweka kale kachombo ka kuteleza kwa ngozi. Nyamai akalia, akarusha miguu, kwa skrini kukabaki ukungu tu. Gedion akajaribu kumwimbia. Hapo ndio akalia kabisa.

"Mama Nyamai, huyu alinyonya saa ngapi?"

"Bado, daktari. Si mnampasua?"

Gedion akageuza kachombo, akakaangalia pande zote. "Na hii? Hii hata ndizi imeiva haiwezi kata. Mama, nyonyesha mtoto."

Mutanu alicheka mpaka machozi zikatoka, na zingine hazikuwa za kicheko. Nyamai akashika titi, akatulia, akalala hapo hapo kwa mapaja ya mamake, Gedion akitelezesha kachombo pole pole. Kwa skrini kamlango kakaonekana, kanafunguka, kanafungika, kamebana kidogo.

"Ni kama mdomo ya kyondo imekazwa sana," Mutanu akasema.

Gedion akakubali, ni hivyo tu. Imebana kidogo, hakuna kupasuliwa, anyonye, akue, watarudi waangalie tena.

Jioni Nthiwa akakuja mbio kuona mshono. Akafungua shati ya mtoto, akatafuta, akatafuta tena.

"Kwani walishona na nini, mbona haionekani?"

"Na maziwa," Mutanu akasema, vidole vikirudi kwa kyondo.