Makasia Kwenye Birika la Mbuzi

Juzi niliona gari la watalii kwenye stesheni ya mafuta, limebeba mtumbwi wa kayaki juu, na makasia yaliyopinda kama mwiko. Nilichoka ghafla.

Baba yangu, seremala wa mtaa wa Wabera, aliwahi kuchonga kama hayo. Mgeni mmoja aliyetaka kuteremka mto Ewaso Nyiro alimwomba ajaribu maumbo mapya: bapa la kasia lililopinda, bapa lenye matundu. Alasiri hiyo ya kiangazi ua ulinuka vumbi la mbao na mbuzi. Baba aliyajaribu kwenye birika la mbuzi, na kila akivuta, maji yalimwagika mchangani.

Mama akaingia na mtungi mgongoni. "Baba Halima, hiyo maji nimetoa mbali. Mbuzi itakunywa nini?"

"Ngoja kidogo. Hii ya matundu inavuta vizuri."

Mimi, mtoto bado, niliamini hakuna anayechonga makasia bila kusikia kwamba mto unakuja. Nikaweka akala zangu, viatu vya matairi, juu ya paa la jiko, zisichukuliwe na mafuriko.

"Halima, akala yako iko wapi?" Mama akauliza. Nikamweleza. Hakucheka. Alivua zake, akaziweka kando ya zangu, akarudi kisimani peku.

Nilidhani naye ameamini. Leo, mgongo ukiniuma kama wake, najua alikuwa amechoka kubishana nasi.