Mwalimu Aliyesema Hajui

Mwaka wa 1993 Mwalimu Swafia alikuwa akifundisha sayansi darasa la sita, katika shule moja ya msingi upande wa Matungu iliyozungukwa na miwa pande tatu. Hakuwa na kiboko. Isitoshe, aliwaacha watoto wamuulize maswali kwa lugha yoyote iliyowajia kwanza, ilhali shuleni kuongea Kiluhya kulikuwa na adhabu yake. Wenzake walimwona mtu wa ajabu.

Siku moja alikuwa akinakili ubaoni maelezo ambayo mwalimu mkuu, Bwana Phanuel, aliyaandaa mwenyewe kwa shule nzima: mbegu huhitaji maji, hewa na mwanga ili ziote. Watoto wakaandika. Msichana mmoja, Awinja, binti wa mkata miwa, akaweka kalamu chini.

“Mwalimu, si mbegu tunazifukia? Huko chini mwanga unatoka wapi?”

Darasa likacheka. Swafia akageuka kuutazama ubao. Miaka saba alikuwa ameifundisha sentensi ile bila kuishuku hata mara moja. Akahisi aibu ikimpanda usoni.

“Sijui,” akasema. “Kesho kila mmoja alete maharagwe matatu.”

Wakapanda katika makopo mawili ya mafuta ya Kimbo. Moja likawekwa dirishani, la pili likafungiwa kabatini, na ufunguo akapewa Awinja. Siku ya nane kabati likafunguliwa. Maharagwe ya gizani yalikuwa yameota, meupe na membamba, marefu kuliko ya dirishani. Kelele za watoto zikamleta mwalimu mkuu mbio.

“Mtihani utauliza kilichoandikwa,” alisema Phanuel. “Na mwalimu anayewaambia watoto kwamba hajui, kazi yake hapa ni ipi?” Akayabeba makopo yote mawili, akaenda kuyatupa katika shimo la taka.

Swafia alimfuata hadi shimoni, watoto wakichungulia dirishani.

“Umetupa makopo, mwalimu mkuu. Jibu wameshaliona.”

Wiki iliyofuata wazazi wakaitwa. Phanuel aliwaambia kwamba watoto wao wanafunzwa ujeuri. Kisha akamtaka Lusweti, babake Awinja, aeleze anavyosumbuliwa nyumbani na maswali ya bintiye, kwa maana alikuwa amewahi kulalamika.

Lusweti alisimama, masizi ya shamba lililochomwa yangali kwenye viatu vyake vya mpira. “Ni kweli, huyu mtoto anatuulizanga mpaka obusuma inapoa kwa sahani. Nimechoka naye. Lakini miwa nimepanda miaka kumi na minane. Tunafukia vipande, vinaota. Sijaona mtu akiweka taa huko chini.”

Akakaa. Wazazi wakacheka hadi wengine wakajifuta machozi, na kicheko hicho ndicho kilichomponza Swafia, kwa kuwa Phanuel hakuwa mtu wa kuchekwa. Alimpa karatasi: aombe radhi kwa maandishi, la sivyo atapendekeza ahamishwe.

“Sahihi moja tu, mama watoto, mambo yaishe,” mumewe Abdulfatah alimsihi nyumbani kwao Mumias. Walikuwa na mtoto wa miaka miwili. Swafia hakuona kosa katika hofu ya mumewe. Yeye mwenyewe alikuwa akiogopa. Hata hivyo aliandika: “Niliulizwa swali. Sikujua jibu. Tulilitafuta, tukalipata.” Akatia sahihi.

Januari akahamishiwa Matete, kaskazini kabisa mwa wilaya. Alipanga chumba sokoni, mtoto akabaki kwa nyanyake, na yeye akawa anarudi Mumias Ijumaa kwa Ijumaa. Alilia njiani mara nyingi. Kujuta hakujuta. Huko alikotoka, maelezo ya Phanuel hayakubadilishwa, ila katika madaftari ya darasa lile neno “mwanga” lilikuwa limekatwa kwa kalamu, daftari baada ya daftari, na hakuna mtoto aliyekubali kusema ni nani aliyeanza.

Siku yake ya kwanza Matete, darasa la tano lilikaa kimya, mikono juu ya meza, jinsi lilivyozoeshwa.

“Nani ana swali litakalonishinda?” akauliza.

Akavuta kiti, akakaa. “Nina muda.”

Dakika zikapita nyingi, ndipo mkono mmoja wa nyuma kabisa ukainuka nusu.

“Mwalimu, mchwa akiwa ndani ya udongo anapumua nini?”

Swafia akachukua chaki, akaliandika swali lote ubaoni.